Mtoto wa Kariakoo Atavua Wapi?

Katika mitaa ya Kariakoo hakuna jina litajwalo mara nyingi kama jina la Msimbazi. Wachukuzi hulitaja wakiulizana njia, kwa kuwa mmoja wa mitaa yetu mikubwa huitwa Msimbazi. Wapenzi wa mpira nao hulitaja asubuhi na jioni, kwa kuwa Simba, timu iliyoanzishwa mwaka 1936, ina makao yake katika mtaa huo, na wachezaji wake huitwa Wekundu wa Msimbazi. Watani wao Yanga, walioanza mwaka 1935, wana makao yao Jangwani, na Jangwani ni bonde la mto uleule. Basi timu zetu mbili zimegawana mto mmoja: huyu kachukua jina, na yule kachukua bonde. Lakini mto wenyewe hauna mshabiki hata mmoja. Nami leo nataka kuushangilia, na wenzangu mtaniwia radhi nikipiga kelele kidogo.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu yangu ana meza ndogo hapo Kariakoo, auzapo ndoana, mishipi, chubwi na nyuzi za kushonea nyavu. Wakati wa likizo mimi huenda kumsaidia. Desturi yake ni kumwuliza kila mnunuzi, "Waenda kuvua wapi?" Hamwulizi kwa udadisi, bali kwa sababu ndoana ya changu si ndoana ya kolekole, na mshipi ufaao baharini haufai bwawani. Watu humjibu, huyu Kigamboni, yule Kunduchi, mwingine Mbweni, na mwingine husema anasafiri kwenda Rufiji au Mtera. Kwa miaka yote niliyokaa mezani pale sijapata kusikia mtu akisema kwamba anakwenda kuvua Msimbazi, ingawa mto huo u karibu nasi kiasi cha kwenda na kurudi kwa miguu kabla chai haijapoa.

Siku moja ya mwezi wa Machi, mvua za masika zilipokuwa ndiyo kwanza zinaanza, alikuja mtoto wa kiasi cha miaka tisa. Alisimama mbele ya meza, mkono umefumba fedha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka nini?"

"Nataka ndoana moja, na mshipi wa mia tano."

"Utavua wapi?"

"Jangwani. Jana mvua ilipokwisha nimeona kambale, mkubwa hivi."

Babu alikuwa amekwisha kuitoa ndoana. Aliirudisha katika kopo lake, akasema kwa upole, "Pale usivue, mwanangu. Samaki wa pale si wa kula, na maji yale si ya kuingia."

Mtoto akamtazama. Hakukasirika wala hakulia. Aliuliza tu, "Basi nitavua wapi?"

Babu yangu ana majibu ya maswali yote ya uvuvi. Anajua maji yanajaa lini na yanakupwa lini, na samaki gani hula usiku. Lakini siku hiyo alinyamaza. Mtoto alitia fedha zake mfukoni akaenda zake, na babu akaanza kupanga upya ndoana ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Mimi nilirudi shuleni na swali lile, na tangu siku hiyo halijanitoka.

Kwanza yafaa niseme wazi kwamba babu alisema kweli. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Urefu wake wapata kilomita 35. Hupokea vijito vya Sinza, Ubungo na Luhanga, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi penye daraja la Salander. Huko juu maji yake hutoka msituni. Lakini yakishafika mjini hupewa kila kitu ambacho sisi hatukitaki: maji ya vyoo, maji ya viwandani, damu ya machinjio, mafuta machafu ya magereji, na mifuko, chupa na maganda kutoka masokoni na majumbani mwetu. Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa taarifa ya mboga walizozipima, zilizolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi; ndani yake walikuta metali nzito, na miongoni mwa hizo ni risasi na kadimiamu. Ikiwa mchicha wa ukingoni umepata hayo, samaki aliyezaliwa mtoni atayakwepaje? Kwa hiyo babu alimlinda mtoto yule kwa kumnyima ndoana. Lakini ni aibu kubwa kwa mji wenye mto, tena wenye bahari, kwamba njia ya kumpenda mtoto ni kumnyima ndoana.

Huenda msomaji akasema, "Kuvua ni mchezo tu, mtoto na acheze mpira." Hakika mpira ni mzuri, nami naucheza. Lakini uvuvi wa mwanzo wa masika una elimu yake. Mvua za kwanza zinaposhuka, kambale hawatulii. Hutoka katika vidimbwi walimokaa wakati wa kiangazi, wakapanda na maji mapya, wakaingia katika majani yaliyofurikwa ili watage mayai. Mvuvi mzuri hutambua siku hizo kwa rangi ya maji na kwa harufu ya ardhi, wala hazisomi katika kalenda. Babu husema kwamba alipokuwa mtoto, watoto wa Kariakoo na Ilala walikuwa wakiteremka bondeni na fito zao mara tu mvua ya kwanza ikikatika, na kwamba mtoto asiyejua lini kambale wanapanda alichekwa kama mtoto asiyejua jina la mtaa wake. Leo ni sisi tusiojua, na hakuna wa kutucheka.

Muhula uliopita nilisoma katika maktaba kitabu kikuukuu kilichoeleza namna Waingereza wanavyovua samaki wa mitoni aitwaye trauti. Nilidhani nitasinzia, kumbe nilisoma hata kengele ya chakula ikalia. Majira ya baridi yanapokwisha kwao, karibu na huo mwezi wa Machi, wavuvi husimama katika maji ya baridi kama barafu, wakarusha mshipi mwembamba ambao mwisho wake una ndoana ndogo iliyofungwa nyuzi na manyoya, ikafanana na mdudu. Chambo chao si nyungunyungu wala si nyama. Ni mdudu wa bandia tu, na trauti ana macho makali. Mdudu asipofanana na wale anaowala siku hiyo, humwacha apite.

Kwa sababu hiyo, mvuvi wa trauti harushi mshipi mara afikapo mtoni. Kwanza huinama, akageuza jiwe, akatazama ni wadudu gani walio chini yake. Kuna mdudu mmoja mwenye mkia wa nyuzi tatu, ambaye huishi ndani ya maji kwa miezi mingi, kisha akaota mabawa, akaruka siku moja au mbili na kufa. Mvuvi akimwona huyo hufunga ndoana ifananayo naye. Asipomwona, hujiuliza kwa nini hayupo, kwa kuwa mdudu huyo hapendi maji machafu. Basi mtu aliyekwenda kutafuta kitoweo au kujifurahisha anajikuta amekuwa mkaguzi wa mto, bila mshahara na bila kuamriwa na mtu.

Wala jambo hili halikubaki Ulaya. Mwaka 1905 trauti waliletwa kutoka Uskoti wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua nchini Kenya, na mwaka 1948 kituo cha kuwazalisha kilianzishwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Hata katika nchi yetu walipandwa katika mito ya baridi ya milimani. Siku hizo ulikuwa mchezo wa walowezi, nami simsifu mlowezi. Wala sisemi kwamba trauti aletwe Dar es Salaam. Yeye huanza kuteseka maji yakizidi nyuzijoto 20, na hapa kwetu angekufa kabla hajashushwa kutoka garini. Tena ni mgeni alaye samaki wenyeji, na mito mingi duniani imejuta kumpokea. Ninachokitaka kwake ni ile tabia ya mvuvi wake, ya kugeuza jiwe kabla ya kurusha mshipi.

Mito ya trauti nayo inabadilika. Kwa mfano, mito iteremkayo kutoka Mlima Kenya upande wa magharibi na kaskazini imepungukiwa sana na maji wakati wa kiangazi, kwa kuwa watu wameongezeka na mashamba ya umwagiliaji huyavuta njiani, na barafu ya mlima nayo inazidi kuisha. Huko watumiaji wa maji wamejiunga katika jumuiya, walio juu na walio chini, wakakubaliana nani avute maji lini. Hawakungoja mto ukauke kabisa ndipo wakae kikao. Hilo nalo ni la kuiga.

Sasa tumtazame tena kambale wa yule mtoto. Baadhi yetu tukisikia kwamba ameonekana Jangwani tutafurahi na kusema, "Kumbe mto u hai!" Tusifurahi upesi. Trauti hutaka maji ya baridi, safi, yenye oksijeni tele, na mambo yakiharibika yeye hufa au hukimbia mbele ya wengine. Kambale ni kinyume chake. Ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi, kwa hiyo anaweza kuishi katika tope na maji yaliyooza, mahali ambapo samaki wengine wote wamekwisha. Mfano wao ni kama mashahidi wawili barazani. Mmoja hulia akiguswa tu, na mwingine huvumilia hata asiseme neno. Mto uliobakiwa na kambale peke yake ni nyumba ambayo waliobaki ni wale wasioweza kulalamika.

Ndiyo maana yatupasa kuwatafuta mashahidi wengine. Je, perege wapo? Kule mdomoni mwa mto, penye mikoko, mikizi na kamba huingia? Chini ya mawe ya Pugu kuna wadudu gani, na hapa mjini kuna gani? Mwaka 2015 wataalamu walichapisha njia maalumu ya kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kutazama wadudu na wanyama wadogo wa majini: kila aina hupewa alama yake, wale wasiostahimili uchafu wakapewa alama nyingi, na wale wanaoustahimili wakapewa chache, kama vile viluwiluwi vyekundu vya tope. Waonaje, msomaji? Elimu ya yule mvuvi wa trauti imekwisha kuandikwa kwa mito yetu wenyewe, na sisi wanafunzi wa biolojia hatuitumii. Twakariri sehemu za mwili wa panzi aliyechorwa ubaoni, na kereng'ende aliye hai yupo bondeni.

Nimeona haja ya kuyasema haya sasa, wala si baadaye, kwa sababu mto wetu unafanywa upya. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliua watu zaidi ya 40 katika mji huu, na familia nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo bonde la Jangwani limefurika tena na tena, barabara ikafungwa, na mabasi yaliyokuwa yakilazwa pale yakaharibika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, na nchi nyingine zikaongeza msaada. Katika mradi huo imo kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya mto, kujenga daraja jipya refu Jangwani, na kufanya bustani ya mji mahali ambapo maji hufurika. Nyumba nyingi za bondeni zimekwisha kubomolewa, na wenyewe wamehama.

Nausifu mradi huu. Waliozikwa kwa sababu ya mafuriko hawatarudi, na ni wajibu wetu kuzuia wengine wasiwafuate. Lakini nauliza swali moja: tutajuaje kwamba mto umepona? Mhandisi atasema umepona maji yasipopita juu ya barabara. Mwenye duka atasema umepona wateja wakiweza kuvuka. Yote hayo ni kweli, lakini hata mfereji wa saruji huweza kufanya hayo, na mfereji si mto. Mimi naona kipimo cha mwisho kiwe samaki, tena samaki ambaye daktari atamruhusu mtoto amle. Siku babu atakapoweza kumwuzia mtoto ndoana bila hofu, siku hiyo ndipo tuseme kwamba Msimbazi umepona. Kipimo hiki ni kigumu, lakini chafahamika na kila mtu, hata na mtoto wa miaka tisa.

Wako watakaosema, "Hiyo ni ndoto ya mwanafunzi. Mto ukishakufa umekufa." Nitawapa mfano wa mto Thames upitao London. Mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London waliupima wakatangaza kwamba katika sehemu ya mji mto huo umekufa, hauna uhai wa kutajwa. Serikali yao ikajenga na kupanua mitambo ya kusafisha maji machafu, na viwanda vikabanwa. Mwaka 1974 alipatikana samaki aina ya samoni, ndugu ya trauti, ambaye kwa zaidi ya miaka mia hakuwa akionekana humo. Tangu 1957 mpaka 1974 ni miaka 17, nao ndio umri wangu leo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka mto ulipotangazwa kufa alikuwa kijana wa kidato kama changu samaki aliporudi. Kama sisi tungeanza mwaka niliozaliwa mimi, makala hii ingekuwa na habari nyingine. Na tukianza sasa kwa dhati, mtoto yule wa Machi atakuwa kijana wa miaka 26.

Wengine watasema kwamba hii ni kazi ya Serikali, si ya wanafunzi. Ni kweli kwamba mabomba ya majitaka hayajengwi na watoto wa shule. Sheria nazo zipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini sheria ni kama wavu. Usipokuwa na mtu wa kuushika, samaki na takataka vitapita pamoja. Mahali palipo na wavuvi, mtu akimwaga sumu asubuhi, habari zimekwisha kufika kabla ya adhuhuri, kwa kuwa kuna watu wanaongoja kitu kutoka katika maji yale. Mto wetu umeharibika kwa sababu hakuna anayeungojea. Sisi sote hupita juu ya daraja tumefunga madirisha ya basi.

Wazazi nao watauliza, "Mnataka watoto wetu waingie katika maji yenye kipindupindu na kichocho?" La, wazee wangu, hasha. Mtu yeyote asiingie katika maji ya Jangwani, wala asisogelee ukingo wakati wa mvua kubwa, kwani maji yale huja ghafula. Wala nisieleweke kwamba nawashawishi wenzangu waruke ukuta wa bweni kwenda kuvua. Nisemalo ni hili, nalo nimelipanga katika mambo manne.

La kwanza, shule yetu ianzishe chama cha mto, kama vile tulivyo na chama cha midahalo. Mara moja katika kila muhula, tukiongozwa na mwalimu wa biolojia na kwa idhini ya wakuu wa msitu, twende Pugu mto unakoanzia, tukiwa na mabuti, glavu na chujio. Tugeuze mawe, tuhesabu wadudu, tuandike, kisha turudishe mawe mahali pake. Huku mjini tutazame kutoka juu ya daraja tu, tukiandika rangi ya maji, harufu, ndege na samaki waonekanao. Daftari hilo lirithiwe na kidato kinachofuata. Mwaka mmoja hautaonyesha kitu. Miaka kumi itaonyesha mengi.

La pili, daftari hilo lisifungiwe kabatini. Tupeleke nakala kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa kuwa mito ya Dar es Salaam imo katika eneo lake, na kwa wenye kusimamia mradi wa bonde. Wakijibu, tutashukuru, wasipojibu, tutapeleka tena muhula ujao. Mvuvi hakati tamaa kwa kuwa samaki hakula mara ya kwanza.

La tatu ni letu sote wa Kariakoo, na hili halihitaji mkopo wa dola hata moja. Mfuko unaotupwa mtaroni mbele ya duka, mvua ikinyesha, hauendi "huko". Maji ya mitaro huteremka bondeni, na mfuko ule hupita Jangwani ukaenda kunasa katika mikoko ya Salander. Wazazi wetu wafanyabiashara, mkituona tunaokota takataka mbele ya meza zenu msidhani kwamba tumetumwa na polisi. Tunasafisha mlango wa mto.

La nne, katika bustani itakayofanywa bondeni, watengenezaji wapange mahali pa kusimama wavuvi, japo hapo mwanzo wavuvi wenyewe watakuwa wa kutazama tu na kumrudisha samaki majini. Wasingoje mto usafike ndipo wajenge mahali hapo. Mahali pakiwapo, watu watakuja. Wakija, watauliza mbona maji yananuka. Na swali hilo likiulizwa kila siku na watu wengi, halitakosa kujibiwa.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watu hulitumia neno hilo kwa malezi ya watoto, nami nalitumia kwa mto pia. Msimbazi sasa u mbichi, maana unachimbwa na kunyooshwa; ukishakauka katika sura yake mpya, hatutaweza kuukunja tena. Wakati wa kusema ni huu.

Juzi nilimwuliza babu kama yule mtoto amepata kurudi mezani. Akasema hakurudi. Kisha akafungua lile kopo, akanionyesha ndoana moja ndogo, ya kiasi cha kambale, iliyofungwa peke yake katika karatasi. "Hii siiuzi," akasema. "Namwekea mwenyewe." Babu yangu ni mzee, nami sijui mto utachukua miaka mingapi kupona. Lakini ndoana hiyo haiozi kama samaki; ikifutwa mafuta kidogo hudumu. Wanafunzi wenzangu, waalimu wetu na wazazi wetu, tufanye hima ili siku moja iuzwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne